Muulize Mjomba: Kaskazi imeisha au bado?

Asalaam aleikum wasomaji wangu. Mwezi huu barua zimekuwa nyingi mpaka mhariri kanipigia simu anauliza kwani huko Tanga kuna nini, nikamwambia hakuna kitu bwana ni joto tu, watu usiku hawalali, wanachukua simu wanamwandikia Mjomba. Na karibu wote wanauliza jambo moja kila mtu kwa njia yake, hii kaskazi, upepo wetu wa msimu wa joto, inaisha lini na mtu atajuaje kama imeisha. Mie nakaa shamba huku upande wa Muheza, mjini nashuka mara mojamoja nikiwa na shida, kwa hiyo nnayojibu hapa ni yale nnayoyaona kwa macho yangu na mengine nimeyaandika kwenye daftari langu, ambalo sasa hivi niko la tisa. Haya twende.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mie ni mama wa Pongwe. Mume wangu anasema kaskazi imekwisha kwa sababu juzi usiku alijifunika shuka. Mie nasema bado, mchana natokwa jasho kama nimemwagiwa ndoo. Tumewekeana kuku. Nani kamla?

MJOMBA: Marahaba mama. Hajamla mtu. Mumeo kajifunika shuka kwa sababu ya yale manyunyu ya saa nane usiku, hata huku kwetu yalipita, na manyunyu ya usiku mmoja hayafukuzi kaskazi. Lakini na wewe ushahidi wako umeushika kinyume, maana hilo jasho lako ndilo linaloonyesha kwamba iko njiani kuondoka.

Iko hivi. Kaskazi inakaza mwezi wa 12, inatoka kaskazini mashariki, na Januari na Februari pamoja na jua lote lile bado mtu unapata kaupepo, ukikaa chini ya mwembe saa nane mchana unasikia afadhali. Ikifika Machi upepo unachoka. Asubuhi unatoka bara, mchana unatoka baharini, magharibi hakuna kitu kabisa nguo kwenye kamba zimesimama kama zimepigwa picha, kesho yake mambo yamebadilika tena. Wazee wa baharini wakati huo wanauita maleleji, wengine wanasema tanga mbili, maana chombo kinaweza kutweka kwenda huku na kinaweza kutweka kwenda kule. Zamani majahazi ya Manga, yaani Uarabuni, na ya Bara Hindi yalikuwa yanashuka huku na kaskazi, yakishapakia boriti za mikoko na vitu vingine yanangojea hapo hapo pwani mpaka kusi, upepo wa kutoka kusini, lianze yarudi makwao, na manahodha walikuwa wanaharakisha waondoke nalo likiwa changa, kwa sababu kusi la mwezi wa sita na wa saba halina masihara.

Sasa juu ya upepo kuchoka weka na jua. Tanga tuko kama nyuzi 5 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua likiwa linarudi kaskazini linatupita utosini kwenye tarehe 8 Machi hivi. Siku hizo simamisha mchi uani saa sita na nusu mchana uone, hauna kivuli, umekaa kama umezama ardhini. Basi jua liko utosini, upepo umekufa, mawingu yameanza kufunika usiku joto halina pa kutokea, utaachaje kutokwa jasho? La mwisho wa kaskazi ndio joto baya kuliko la katikati, wageni huwa hawaamini.

Kipimo changu mie ni moshi wa jikoni. Januari yote moshi wetu unalala kuelekea chooni, yaani kusini magharibi, na mke wangu analalamika kila mwaka kama ndio mara ya kwanza. Siku ukipanda wima mpaka juu ya minazi, asubuhi tatu mfululizo, naandika kwenye daftari kwamba kaskazi imekufa. Mara nyingi ni wiki ya tatu au ya nne ya Machi, ila kuna mwaka ilinipeleka mpaka Aprili. Watoto nao watakwambia bila kuwauliza, maana tiara zinakataa kupanda wanaziacha zimening'inia kwenye nyaya za umeme. Kwa hiyo kuku abaki bandani kwanza, na moshi ukisimama siku tatu mchinjeni mle wote, kwani kuku mwenyewe ni wa nani si wako wewe unaemlisha.

SWALI: Mjomba, kaka yangu yuko Hamburg mwaka wa sita sasa. Septemba iliyopita alinitumia picha ya vindege vimejipanga kwenye waya, akasema huku joto linaisha na hawa wanaondoka. Juzi natoka sokoni Ngamiani nikaona vindege vilevile kwenye waya nikavipiga picha nikamtumia, akacheka akasema siyo hao. Ni hao au siyo hao? (Dada mtu, Tanga mjini)

MJOMBA: Ni mbayuwayu kote kuwili dada yangu, ila kama ni yuleyule wa kwenye waya wa kaka yako hapo hata mie siapi. Wanaopita upande wetu wanatoka Ulaya na Asia, kote huko.

Kwao huko kiangazi chao ni Juni mpaka Agosti. Mbayuwayu analea watoto wakati huo, chakula chake ni wadudu anaowadaka angani, hali mbegu hali tunda. Ikifika mwisho wa Agosti siku zinakuwa fupi, usiku baridi, wadudu wa kuruka wanapungua, basi wanaanza kukusanyika kwenye nyaya kama abiria wanaosubiri daladala na siku moja unaamka hawapo. Watu wanasema wanakimbia baridi lakini kwa hakika wanakimbia njaa. Huku kwetu tunaanza kuwaona Septemba na Oktoba, wanakula vuli yetu, wanakula kaskazi yetu, na Machi na Aprili wanajipanga tena kwenye waya kama ulivyowaona Ngamiani. Kwa hiyo picha zenu mbili ni safari moja, kaka yako kapiga mwanzo wake na wewe umepiga mwisho wake.

Na usimcheke kaka yako kwa kutoamini, maana hao wazungu wenyewe karne na karne walikuwa hawajui wanakwenda wapi, wako walioamini kabisa kwamba mbayuwayu wanajizika kwenye matope chini ya maziwa mpaka baridi ipite. Mpaka mwaka 1911 bwana mmoja wa Uingereza anaitwa John Masefield, wa Staffordshire, akamvisha mbayuwayu kipete mguuni, na Desemba 1912 mbayuwayu yuleyule akakamatwa Natal, Afrika Kusini. Kandege ka gramu 20 hivi! Mie gunia la nazi kutoka shamba mpaka barabarani linanitoa roho.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui, mbayuwayu wageni wanabadilisha manyoya wakiwa huku huku Afrika. Wakifika Oktoba wengine wamechakaa, mkia umekatika, wakiondoka Machi wamevaa mpya kabisa, nguo zimeshonwa kwetu halafu sifa wanapata kule. Na kama unataka kutofautisha mgeni na mwenyeji, mgeni ana koo jekundu la kutu na mkanda mweusi kifuani, na hajengi kiota hapa. Ukiona mbayuwayu anabeba tope kujenga chini ya baraza yako huyo ni wa hapa hapa, ana ndugu zake wa aina kadhaa tunaishi nao mwaka mzima.

Mwambie pia kaka kwamba wasafiri siyo hao tu. Mwisho wa Machi ukisikia juu sana sauti kama mtu anapuliza firimbi ndani ya maji, inua kichwa, ni keremkerem wanapita makundi makundi kurudi kaskazini. Halafu shuka ufukweni maji yakikauka utazame yule ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene mweusi, kazi yake kula kaa tu. Huyo hana habari na Ulaya. Anakwenda kutaga Uarabuni na visiwa vya Ghuba ya Uajemi, anachimba shimo kwenye mchanga anaweka yai ndani, na joto la mchanga linamsaidia kuatamia. Kaskazi anakuja kuipisha kwetu, na Tanga ni moja ya pwani anazozipenda.

SWALI: Mwanangu wa darasa la tatu kaletewa kitabu cha picha, miti ina majani mekundu yanaanguka. Ananiuliza mama kwa nini kwetu hayawi mekundu. Nimjibu nini?

MJOMBA: Usimjibu, mshike mkono mpeleke chini ya mti wa mkungu. Tanga mkungu haukosekani, uko mashuleni uko baharini uko misikitini, na mwezi wa pili na wa tatu majani yake mapana yanageuka mekundu kama kanga mpya, yanaanguka, anaefagia uwanja anautukana. Rangi ya kijani mti unaivunja na kilicho na faida ndani yake unakirudisha mwilini, kama mtu anaehama anavyotoa vyombo ndani kwanza, nyekundu ndiyo inayoonekana na jani linaangushwa.

Tofauti iko hapa, na hii mwambie taratibu. Huko Hamburg tulikotoka sasa hivi mwezi wa sita mchana unafika saa 17, mwezi wa 12 unashuka mpaka saa saba na nusu hivi, kwa hiyo miti inaona mwanga unakatika inajua baridi inakuja. Sie huku siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote zimepishana kama dakika 35 tu, hakuna mti utakaoshtuka kwa dakika 35. Miti yetu inashtuka na maji. Kaskazi inakausha ardhi, mkungu unapunguza majani usitoe jasho sana, na kabla mvua haijakaa sawa tayari umeshachipua upya, ndani ya siku chache tu uko kijani. Mbuyu nao unaangusha kwenye kiangazi kwa sababu hiyohiyo.

Akimaliza kutazama majani muache avunje kungu kwa jiwe, ndio faida ya somo hilo.

SWALI: Mjomba, jirani yangu kila akisikia tipitipi analia anaanua nguo anasema mvua. Huyu ndege anajua kweli? Na kuna mzee mwengine yeye anaangalia nyota. (Msomaji, Maramba)

MJOMBA: Tipitipi, wengine mnamwita dudumizi, ni yule mwekundu mgongoni mzito wa kuruka anaejificha vichakani, sauti yake kama maji yanatoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba, du-du-du-du inashuka. Nilipokuwa kijana na mie niliamini kama jirani yako. Halafu nikaanza daftari, nikawa naweka alama kila anapolia alfajiri na alama nyingine kila inaponyesha, msimu mzima, na ukweli ni kwamba siku nyingi alilia na hakikudondoka kitu. Jirani yako anazikumbuka zile alizopatia tu, kama mcheza bahati nasibu. Ila siyo mwongo kabisa huyo ndege, maana kuzaana kwake kunakwenda na mvua, kwa hiyo hewa ikianza kuwa nzito anakazana kuita, yeye na mvua wote wanafuata unyevu mmoja. Chukulia kwamba anatangaza mwezi, hatangazi siku.

Mzee wa nyota yuko vizuri zaidi. Hicho anachokitazama ni Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota zimebanana kama ndizi za mkungu mmoja, na jina lenyewe limetoka kwenye kulima. Machi kila magharibi unakiona upande wa kuchwea jua, kila wiki kinazidi kushuka, mwanzoni mwa Mei kimezama kwenye mwanga wa jua hukioni tena, mpaka Juni kinachomoza alfajiri upande wa mashariki. Wahenga walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nyota hazikosei tarehe, mvua ndio inayokosea, lakini angalau unakuwa na saa ukutani.

Na babu yangu alikuwa hana habari na Machi wala Aprili, akihesabu miongo. Unaanzia Siku ya Mwaka, ile ambayo Makunduchi kule Unguja mpaka leo wanauoga mwaka mwezi wa Julai, kisha unahesabu siku kumi kumi, miongo 36, ukiongeza siku tano mwaka umetimia. Ukihesabu hivo mwongo wa 25 unaangukia nusu ya pili ya Machi, na babu akifika hapo alikuwa hatoki shamba hata umwambie kuna harusi.

SWALI: Mambo Mjomba. Mie kijana nimekodi eka mbili. Mwaka jana ilivyonyesha mara ya kwanza tu nikapanda mahindi yote, zikafuata kama wiki tatu jua kavu, yakaota yakaungua. Mwaka huu sitaki kuchekwa. Nipande lini?

MJOMBA: Poa kijana, na pole. Hujachekwa peke yako, mie nimechekwa mara mbili na ya pili nlikuwa nshaoa.

Kuna mvua ya kupandia na kuna mvua ya kufuta vumbi kwenye majani, na Machi inaleta ya pili kwanza makusudi itupime. Usitazame mawingu, tazama chini. Inyeshe, ungoje kesho yake, chukua jembe chimba mpaka bapa lote lizame, shika udongo wa chini ufinye. Ukifanya tonge na tonge likakaa, panda. Ukimwagika kama unga rudi nyumbani kanywe chai. Na hata ukifanya tonge usimwage mbegu yote siku moja, gawa, panda eka moja, nyingine subiri wiki moja au mbili, maana mvua zetu Tanga kilele chake ni Aprili na Mei, hujachelewa. Mamlaka ya Hali ya Hewa nao kila mwaka kabla ya masika wanatoa utabiri wa msimu, usikilize redioni au utafute kwenye simu bando likiwepo, halafu ukishausikia bado chimba hilo shimo lako.

Kama shimo unaona uvivu kuna wenzio wanakuchimbia. Kumbikumbi. Wao wanakaa ndani ya kichuguu na mbawa zao wamekunja miezi, wanangoja mvua ishuke mpaka udongo ulainike na hewa ya jioni iwe na unyevu imetulia, kisha wanatoka vichuguu vyote kijiji kizima kwa wakati mmoja. Wanatoka wote pamoja kwa hesabu, ndege watakula, vyura watakula, kuku na sie tutakula, lakini hatuwezi kuwamaliza, na dume la kichuguu hiki likutane na jike la kichuguu kile. Wakitua wanaangusha mbawa, wanafuatana wawili wawili chini wanatafuta pa kuchimba. Sasa fikiria, yule jike anatafuta udongo uleule unaoutafuta wewe, ulolowa chini siyo juu tu. Kumbikumbi wakitoka wengi mpaka taa ya baraza haionekani, huwa naanza kusafisha jembe. Ila weka beseni la maji chini ya taa kwanza. Wa kukaanga bila mafuta, chumvi kidogo, mbawa upepete kwenye ungo. Nimeacha kueleza kilimo nimeingia jikoni, samahani.

SWALI: Kwa nini maji ya bahari mwezi huu yanakauka mbali hivi? Sie wa Kigombe tunakwenda mpaka miamba ambayo miezi mingine hatuioni. Na pweza wamekuwa wadogo.

MJOMBA: Hilo ni bamvua la Machi dada. Bamvua lipo kila mwezi mwandamo na kila mbaamwezi, jua na mwezi vikivuta kwa msitari mmoja maji yanajaa sana na yanakauka sana, baina yake ndio yanakuwa maji mafu. Machi kwenye tarehe 20 au 21 jua linakuwa juu ya ikweta, mvuto unazidi, na Septemba vilevile, kwa hiyo mabamvua makubwa ya mwaka ndio hayo. Uzuri wa pwani yetu siku za bamvua kukauka kunaangukia asubuhi saa nne saa tano, unapika chai unapeleka watoto shule ndio unashuka na raba zako. Nakwambia raba siyo ndala, nge wa baharini na miiba ya urumbu havijali kwamba wewe ni mwenyeji.

Pweza wadogo kwa sababu wote mnashuka kwa pamoja na kila alieonekana anachokolewa. Huyu mnyama maisha yake ni mafupi, mwaka mmoja na kitu hivi, na anakua mbio mbio. Jike akishataga anakaa pangoni anayalinda mayai mpaka yaanguliwe, hali, kisha anakufa. Kwa hiyo unapomuona mdogo umwache, mwezi ujao si yule. Asiyefika nusu kilo usimchukue, sheria ya uvuvi nayo ndivyo inavyosema, na mchuuzi anaekwambia nipe hata wa robo mwambie aingie majini mwenyewe.

SWALI ZA HARAKA

Mjomba, mkonge ukitoa mlingoti ni dalili ya masika? Hapana, ni dalili kwamba unakufa. Unatoa mlingoti mara moja tu maishani, unazaa vijimiche kule juu, basi. Na usiuite wa asili, ni mgeni kama mbayuwayu, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe pale Pangani mwaka 1893. Hiyo 62 ndio iliyozaa mashamba yote unayoyapita ukienda Korogwe.

Konokono wameingia mpaka bafuni, na jongoo. Mvua imewaamsha. Konokono kaskazi yote alikuwa amejiziba mlango wa gamba kwa utando mkavu amelala, sasa anatembea. Jongoo naye mtoe kwa fagio bila kumkanyaga, ananuka na sakafu inabaki na doa.

Tutapata kimbunga? Kwetu ni nadra kwa sababu tuko karibu na ikweta, lakini nadra siyo kamwe. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na Bagamoyo vibaya sana, na mwanzoni mwa Mei 2024 tulikuwa na Hidaya iliyofika mpaka Mafia. Unaona yote ni huu huu wakati wa upepo kubadilika. Wenye ngalawa msikilize redio.

Kunguru wanamaliza vifaranga vyangu. Wangu pia. Hao kunguru waliletwa Unguja miaka ya 1890 wasaidie kusafisha taka, na taka bado zipo. Vifaranga funika kwa tenga mpaka wafike ukubwa wa ngumi mbili, na mabaki ya dagaa usitupe uani.

Babu Mjomba mimi nina miaka 10 nauliza kereng'ende wengi wametoka wapi, jana walikuwa hawapo. Mjukuu wangu hilo swali zuri kuliko yote na nimeliweka mwisho makusudi. Wako kereng'ende wa rangi ya dhahabu wanaofuata mvua. Mwanabaiolojia Charles Anderson, aliekaa sana Maldivi, aliandika mwaka 2009 kwamba kila Oktoba anawaona wanafika kule visiwani ambako maji ya kuzalia yasiyo na chumvi hakuna, akasema wanatoka Bara Hindi wanavuka bahari kuja Afrika Mashariki juu juu na upepo, na baadae watoto wao wanarudi na kusi. Safari nzima kwenda na kurudi inachukua vizazi kama vinne, yaani anaerudi siyo alieondoka, ni kitukuu. Kama majahazi tu niliyoyasema pale juu, ila hawa hawana nahodha.

SWALI: Mjomba na mie nataka kuanza daftari kama lako. Naandikaje?

MJOMBA: Usiandike insha. Tarehe, upepo umetoka wapi, moshi umelala wapi, nini kimechanua, nani kapita angani, umekula nini. Mistari mitatu inatosha, ukiandika ukurasa mzima kila siku wiki ya pili utaacha. Na siku isiyo na kitu andika hakuna kitu, hiyo nayo ni habari, maana mwaka wa tatu utakuja kutaka kujua mvua ilichelewa siku ngapi na kichwa chako kitakudanganya, kichwa kinapenda kusema mwaka ule ilikuwa mbaya kuliko huu. Andika kwa penseli, wino ukilowa unaondoka.

Halafu weka kwenye kopo la bati lenye mfuniko. Daftari langu la pili nililiweka chini ya kitanda, nikawa naandika kila nikiona kumbikumbi wametoka na saa waliotoka na kichuguu gani, na siku nimelivuta nisome nikakuta mchwa wameshakula kuanzia Januari mpaka mwezi wa nane, jalada tu ndio wameniachia.